Bahari ya Sebuleni na Mama Mkwe

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri. Mlima haujaonekana siku nzima.

Leo nimepumua. Naandika neno hilo kabla ya mengine yote, maana kwa majuma mawili nimetembea na kifua kilichobana, na jioni hii, nikiwa kwenye kiti changu mbele ya tangi, nimeshtukia navuta pumzi kama watu wengine. Nje matope yamefika kizingitini. Wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa, mgeni angedhani Morogoro haina mlima. Humu ndani samaki wawili wanakula.

Wanakula. Asubuhi sikudhani ningeandika hivyo.

Nitaanza na yale ninayoyaonea aibu kidogo, halafu taratibu nifike kwenye yale ninayoyaonea aibu sana.

Mimi ni karani wa ofisi ya ardhi. Kazi yangu ni ramani, na siku hizi ambapo vijiji vinapangwa upya kila kona ya mkoa, wino haukauki mkononi. Nimezaliwa pwani, kaskazini ya Tanga, kwenye kijiji ambacho ukitoka kwa mlango wa mbele unaiona bahari, na ukitoka kwa mlango wa nyuma unayaona mashamba ya chumvi. Uhamisho ndio ulionileta huku. Mji nimeupenda, maji yake ni baridi, na mke nimempata hapa hapa. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikosesha raha, na nilipokitafuta sana nikagundua ni ile rangi ya maji ya mwambani saa ya maji kupwa.

Basi mwalimu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, aliacha tangi la kioo la futi nne, fremu yake ya chuma, na kipampu cha kutia hewa. Alikuwa akifugia samaki wa mtoni. Tulilibeba watu wanne mpaka kwangu Mwembesongo, huku majirani wakitoka kuangalia. Kila mmoja aliuliza kama nitafuga perege au kambale. Nikawajibu kwamba nitafuga bahari.

Na kweli nilifanya hivyo. Shaibu, dereva wa lori la ushirika, kila anapokwenda Dar es Salaam huniletea madumu mawili ya maji ya bahari. Mchanga wa matumbawe aliuleta yeye, na mawe yenye uhai pia, yale ambayo ukiyatazama kwa muda yanaanza kuchezacheza vidole. Samaki niliwatoa kwetu mwenyewe, kwenye ndoo ya plastiki, nikiwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli njia nzima, mpaka abiria wenzangu wakaanza kupokezana pampu. Nina wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Bwana na Bibi, wanaoishi ndani ya yule mnyama laini wa mwambani mwenye vidole vingi, ambaye mimi namwita Ua. Nilikuwa na mmoja wa buluu vilevile. Nitamfikia.

Zaina, mke wangu, ni muuguzi. Siku ya kwanza alipoona ninavyolikodolea macho tangi hilo nikasahau chai yangu, alisema sasa amepata mke mwenza, tena mke mwenza asiyepika. Tangu hapo ndivyo anavyoliita. Nikichelewa kulala huniuliza kama ni zamu ya mwenzake.

Sasa aibu yenyewe.

Katika miezi ya mwanzo, asubuhi moja, Zaina alisimama karibu na tangi akiwa na kata ya maji ya mtungini. Maji yalikuwa yameshuka kidogo. Aliniuliza kwa upole kama hawa viumbe hawafai kuongezewa maji baridi. Nilicheka kwanza, kisha nikawa mkali. Nilimwambia samaki wa bahari akipewa maji ya kunywa hufa, kwamba kinachopungua kwenye bahari kinaongezwa kwa bahari, na kwamba mtu aliyezaliwa mlimani asije kunifundisha mimi mambo ya pwani. Nilisema hivyo hasa. Aliiweka kata chini, akasema, "Haya, mwenye bahari," akaenda zake kazini. Hakuligusia tena jambo hilo, nami nikahesabu kwamba nimeshinda.

Baada ya hapo nilitengeneza mfuniko wa mbao, na maji yakaacha kushuka. Mwaka mzima yalikuwa pale pale, kwenye alama niliyoibandika kwa plasta. Mara moja moja tu nilitia bilauri ya maji ya dumu. Wageni walipokuja niliwaonyesha mfuniko wangu. Nilikuwa na sentensi yangu kabisa: bahari yangu haipungui.

Mwezi uliopita Zaina alipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya majuma sita. Salma, binti yetu, ana mwaka mmoja na nusu na ameachishwa ziwa juzi juzi tu, kwa hiyo mama yake Zaina akateremka kutoka Mlali kuja kumlea. Jina lake silitamki. Hata hapa kwenye karatasi yangu mwenyewe kalamu inasita, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Watu wa hapa wataelewa jinsi tulivyoishi. Nikiingia uani yeye anaingia jikoni. Akipita sebuleni mimi natazama dirishani. Chakula changu nakikuta mezani kimefunikwa, na sijawahi kumwona akikiweka. Shikamoo naitoa nikiwa upande wa pili wa pazia, marahaba inarudi kwa sauti ya chini yenye mvuto ule wa Kiluguru, basi. Zaina akiwepo ndiye anayebeba maneno. Zaina alipoondoka, kazi hiyo ilimwangukia Salma, ambaye maneno yake yote hayazidi matano, na moja kati ya hayo matano ni "kuku". Mama mkwe akitaka mkaa husema, "Salma, mwambie baba yako mkaa umekwisha." Nami namjibu mtoto kwamba nimesikia. Salma hututazama kwa zamu, anacheka.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na tulikuwa vizuri.

Majuma mawili na siku kadhaa zilizopita nilisahau miwani yangu nyumbani. Nilirudi saa nne, saa ambayo kwa kawaida niko mezani kwangu ofisini. Niliingia bila kukohoa, na hilo ni kosa langu la kwanza, maana nyumba yenye mkwe huingii bila kukohoa. Mfuniko wa tangi ulikuwa umeinuliwa. Mama mkwe alikuwa amesimama na kata, anamimina maji ya mtungini ndani ya bahari yangu.

Aliponiona alijitanda khanga mpaka usoni akageukia ukuta. Mimi nilirudi kinyumenyume mpaka nje, kama mtu aliyekosea mlango wa bafuni. Ningeweza kusema nini? Ningeweza kumuuliza kwa heshima ipi? Mtu wa kuniulizia alikuwa Dar es Salaam, na wa pili alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake.

Jioni ile nilirudi na kufuli.

Nilipigilia komeo kwenye mfuniko, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni. Nikamwambia Salma kwa sauti ya kusikika jikoni kwamba baba ameweka kufuli ili mtoto asije akatumbukiza mkono akaumwa na samaki. Samaki wangu hawazidi urefu wa kidole. Kesho yake chakula kilikuwa mezani kama kawaida, kimefunikwa kama kawaida, na mimi nikaona mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Maji yalishuka chini ya plasta siku ya pili. Nikashangaa, nikaongeza kutoka kwenye dumu. Siku ya nne yakashuka tena, nikaongeza tena. Nililaumu mbao za mfuniko, nikadhani zimepinda kwa unyevu. Kwenye kingo za kioo kulitokea ukungu mweupe mgumu, nikaukwangua kwa kisu. Wiki ya pili Ua akajikunja akawa kama ngumi. Bwana na Bibi wakaanza kuhema haraka haraka, wamejibanza kona moja karibu na vipovu vya hewa. Jumatano yule wa buluu alikufa. Nilimzika uani chini ya mpapai, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilichimba shimo la kumtosha mbuzi.

Na hasira yote nilimpa mtu mmoja. Katika kichwa changu maji yale ya mtungini ndiyo yalikuwa sumu, na sumu ilikuwa inafanya kazi polepole. Nilijiambia kwamba hapendi tangi, kwamba balozi wetu wa nyumba kumi aliwahi kutania mbele yake kuhusu samaki wasioliwa wala kugawanywa katika miaka hii ya shida, na yeye akacheka sana. Nilijiambia kwamba labda si ubaya, ni ujinga tu. Hilo la pili lilinifanya nijione mwungwana.

Ijumaa usiku nikamwandikia Zaina barua. Kurasa mbili. Niliandika kwamba mama yake anawaua samaki wangu, kwa kusudi au kwa kutojua, na kwamba nimevumilia vya kutosha. Niliandika amwambie mama yake arudi Mlali, Salma nitamweka kwa jirani. Jana mchana nikampa Shaibu, akaitia mfukoni, akasema dizeli ikipatikana tu anaondoka.

Niseme ukweli kwamba nilijua ninachokifanya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Salma ni wao kabla ya kuwa wangu, na bibi yule ndiye mlango wa ukoo. Huwezi kumfukuza kwa karatasi halafu ukabaki mkwe. Barua ile ingefika, Zaina angeyaacha mafunzo, angekuja kumchukua mama yake na mwanawe, na sina uhakika kama angerudi tena kwenye nyumba hii. Nilijua, na bado niliandika. Nililala vizuri hata.

Leo asubuhi, mvua ikiwa imeanza kuchanganya, Mama Rehema wa nyumba ya pili alikuja kugonga dirisha. Ni mtu wa umri wa dada yangu, hana maneno mengi. Aliniambia mkwe wangu amemtuma aulize gari la Mlali linaondoka saa ngapi.

"Anasema amelea watoto saba na wajukuu kumi na mmoja," Mama Rehema akasema, "na hii ndiyo nyumba ya kwanza kufungiwa kitu kwa kufuli kama mwizi."

Nikiri hapa, maana hakuna mwingine nitakayemkiria. Kwa muda wa dakika moja nilifurahi. Nilidhani Mungu amenirahisishia.

Nilimshukuru Mama Rehema, nikaenda kufungua tangi niwaone samaki. Bwana alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Bibi alikuwa anamzunguka. Nilitumbukiza mkono nimsogeze karibu na vipovu, na nilipoutoa, bila kufikiri, nikalamba kidole, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kila tukitoka majini.

Nilisimama pale na kidole mdomoni.

Ile haikuwa bahari. Bahari naijua, nimekulia kwenye ladha yake. Yale yalikuwa makali, yanakwaruza ulimi, na ladha ile pia niliijua. Ni ya maji ya kwenye majaruba ya chumvi, siku mbili au tatu baada ya jua kuanza kuyanywa. Mjomba wangu amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nilikuwa nampelekea uji. Wanaingiza maji ya bahari kwenye jaruba, jua linachukua maji, chumvi inabaki; wanaongeza maji ya bahari mengine, jua linachukua, chumvi inazidi; mpaka mwisho unakwangua chini unakuta nyeupe tupu. Mtoto wa miaka sita kijijini kwetu anaweza kukueleza hayo huku anacheza.

Na ule ukungu mweupe niliokuwa naukwangua kwenye kioo ulikuwa chumvi. Mtoto wa mashamba ya chumvi nilikuwa naivuna chumvi sebuleni kwangu kwa kisu cha mkate, na sikuitambua.

Nilikaa chini sakafuni. Halafu yote yakaja kwa mpigo: maji ambayo mwaka mzima hayakushuka chini ya plasta, mfuniko wangu wa ajabu, na kata mkononi mwa mama mkwe saa nne, saa ambayo mimi siko. Mtu mwenye nia mbaya angeanza na ndoo. Yule alikuwa anapima. Nilimwona kwa macho yangu akiangalia plasta huku anamimina, na sikutaka kukumbuka.

Ndipo nikaikumbuka barua.

Sikumbuki kama nilivaa viatu vinavyofanana. Gari la Mlali lilikuwa la saa tatu na nusu, lori la Shaibu lingeweza kuondoka wakati wowote, na mimi nina miguu miwili tu. Nilijiambia mama mkwe hawezi kumwacha mtoto peke yake, atanisubiri nirudi ili anikabidhi. Dizeli haimsubiri mtu. Nikakimbilia kituo cha mafuta. Matope yalinivua kiatu mara mbili. Watu waliokuwa wanatoka kanisani chini ya miamvuli walinipisha, na mmoja aliniuliza kuna msiba wapi.

Foleni ya malori ilikuwa imezunguka kona mbili. Nilipita moja baada ya jingine nikisoma namba. La Shaibu lilikuwa la tisa, na Shaibu mwenyewe alikuwa amelala kwenye usukani, miguu nje ya dirisha, hana habari. Dizeli haikuwa imekuja tangu jana.

Sijawahi kuipenda shida ya mafuta kama nilivyoipenda leo.

Nilimwamsha, nikamwomba barua yangu. Alipapasa mifuko yote, na katika muda ule nilizeeka. Kisha akaikumbuka, akaishusha kutoka juu ya dashibodi ambako alikuwa ameifunikia kikombe cha chai inzi wasiingie. Ilikuwa na duara la kahawia katikati ya jina la Zaina. Shaibu aliniangalia nguo, akaangalia matope, akauliza kama ni barua ya talaka. Nikamwambia ilikuwa karibu. Hakuuliza zaidi, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Niliichana pale pale vipande vidogo, nikaviacha kwenye mfereji viende na maji.

Kurudi sikukimbia. Pumzi ilikuwa imekwisha, na pia nilikuwa naogopa.

Mama mkwe alikuwa barazani. Furushi limefungwa, kikapu kiko pembeni, Salma amefungwa mgongoni, khanga imetandwa kama mtu wa safari. Aliponiona aligeuza uso kuelekea uani, kama heshima inavyotaka, na mimi nikageuza wangu kuelekea barabarani. Tukabaki hivyo, mgongo kwa mgongo, mvua inamwagika mbele ya wote wawili.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Kulikuwa na maneno ya kumtuma Mama Rehema, kulikuwa na habari ya kuku wa kuomba radhi, kulikuwa na maelezo marefu kuhusu majaruba ya chumvi. Yote yalipotea. Nikamwita mtoto.

"Salma, mwambie bibi yako baba amekosa. Kufuli nalitoa sasa hivi. Na mwambie baba anaomba asiondoke."

Salma akasema, "Kuku."

Nilisikia tu maji yakianguka kutoka paani kwenye pipa. Halafu ile sauti ya chini ikaja, ikimwambia mtoto, si mimi.

"Salma, mwambie baba yako, mama yako ndiye aliyeniachia kazi ile. Kata tatu kila siku, baba yako akishatoka. Ndivyo anavyowapa yeye mwaka mzima. Akasema nisimwambie baba yako, atanuna."

Niliushika mlango.

Mwaka mzima. Zaina alikuwa akitoka baada yangu, siku ambazo zamu yake ni ya mchana. Siku za zamu ya asubuhi alikuwa akiamka kabla yangu, nami nilikuwa nikimsikia usingizini akihangaika na mtungi, nikidhani ni maji ya chai. Aliweka kata chini siku ile nilipomkaripia, akaichukua tena nilipogeuka. Muuguzi anayepima chumvi na maji ya wagonjwa kila siku hakuhitaji kuzaliwa pwani ili ajue. Bahari yangu haikupungua kwa sababu mtu wa mlimani alikuwa ameishikilia kwa kata ya kifuu, na mimi nilikuwa napokea sifa za wageni kwa ajili ya vipande vya mbao.

Niliingia ndani nikang'oa kufuli na komeo lake. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikachukua ndoo nzima ya maji ya mtungini nikainua niwamiminie wote kwa pamoja, nifute majuma mawili kwa mara moja. Nilikuwa nimeshaiegemeza kwenye kioo nilipoisikia sauti nyuma ya pazia, safari hii imepanda kidogo.

"Salma, mwambie baba yako aweke ndoo chini. Mama yako kasema wakizidishiwa ghafla watashtuka wafe."

Nikaiweka chini.

Aliingia mwenyewe, uso umetazama tangi, mimi nimetazama dirisha. Alifungua furushi lake, na kata ilikuwa humo, amefunga safari nayo. Akamimina kata tatu, polepole, ubavuni mwa kioo, kila moja ikifuata nyingine baada ya muda. Kisha akamwambia Salma amwambie baba yake achote maji yale makali bilauri chache ayatupe, na kwamba adhuhuri watapewa tena, na alasiri tena, na kesho vivyo hivyo mpaka ulimi ukubali. Nilifanya kama nilivyoagizwa. Tumefanya hivyo siku nzima, zamu kwa zamu, bila kutazamana hata mara moja. Gari la Mlali lilipita likipiga honi, na hakuna aliyelitaja.

Alasiri Bwana aliinuka. Aliyumba kwanza kama mgonjwa anayejaribu kwenda msalani, kisha akasimama sawasawa. Saa kumi na moja Ua alifungua vidole viwili, halafu vitano, halafu sikuweza kuvihesabu tena. Nilisaga kamba mmoja mkavu nikawatupia, na Bibi akawahi wa kwanza, Bwana akampokonya kipande, wakagombana. Nimeishi miaka thelathini na mmoja na sijawahi kufurahia ugomvi wa ndoa namna ile. Huko nyuma ya pazia nilisikia mama mkwe akicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akajizuia.

Furushi limefunguliwa. Nimeliona limerudi chini ya kitanda cha Salma wakati nilipokwenda kumfunika. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, na ndani yake kulikuwa na ndizi za kupika na nyama, ambazo sijui amezitoa wapi katika mji huu. Nimekula sahani nzima. Nimemwambia Salma amwambie bibi yake kwamba baba ameshiba na anashukuru, ingawa Salma alikuwa amelala tayari, na jikoni wakanijibu kwamba wamesikia.

Yule wa buluu hatarudi. Huyo ni wangu, nimemuua mimi kwa kujifanya najua, na sitamtupia mtu mwingine. Lakini wengine wapo. Mama mkwe yupo. Barua imekwenda na mfereji mpaka mto ulikoipeleka. Nikifikiri jinsi vyote vitatu vilivyoning'inia leo asubuhi kwenye dizeli iliyochelewa, inabidi niipumzishe kalamu.

Zaina anarudi Ijumaa ya wiki ya pili kutoka sasa. Nimekuwa nikijiuliza nimwambie nini, na niseme kwa njia gani, maana yeye si mkwe, yeye hawezi kuambiwa kupitia kwa mtoto. Nikimwambia najua, huenda akacheka. Huenda akaona haya kwamba siri yake imefichuka. Huenda akakumbuka neno nililomwambia siku ile, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Nimeandika mwanzo wa barua mara tatu na mara tatu nimeichana.

Nadhani sitaandika. Jumamosi ile, asubuhi yake ya kwanza nyumbani, sitatoka. Nitakaa kwenye kiti hiki hiki, chai mkononi, sina haraka, mpaka achoke kusubiri niondoke, achukue kata mbele yangu.